Hapa Pana Mtu

Mtu mmoja alikuwa na kaburi katika ua wake. Lilikuwa la babu yake, Mzee Kheri, na lilikaa ubavuni mwa njia ya miguu iliyounganisha mitaa miwili, Magengeni na Bomani. Magengeni waliishi wapagazi, mafundi na wachuuzi. Bomani zilikuwako ofisi na nyumba za wakubwa. Zamani mtu wa Magengeni aliyekwenda kazini Bomani alizunguka karibu nusu saa, kwa sababu ua wa Mzee Kheri ulikaa katikati. Mzee Kheri akavunja ukuta wake pande zote mbili, akawaachia watu njia. Hakuomba kitu kwa hilo. Alipokaribia kufa aliagiza tu azikwe kando ya njia ile, ili wapitao wamsalimie.

Wakamsalimia. Kwa miaka arobaini kila aliyepita alisema, "Mzee Kheri, tunapita." Watoto walisema hivyo kabla hawajajua alikuwa nani. Kichwani na miguuni pa kaburi yalisimama mawe mawili ya matumbawe. Kwetu mawe hayo huitwa mashahidi.

Mjukuu aliyeurithi ua aliitwa Sudi. Katika siku zake mji uliamua kupitisha treni chini ya ardhi. Wapimaji walikaa wiki kadhaa wakitazama watu wanapita wapi, wakaona kwamba hakuna njia inayokanyagwa zaidi kuliko ile ya Mzee Kheri. Basi ikaamuliwa kwamba reli mbili zikutane chini yake, na abiria wabadilishe treni hapo. Kituo kingekuwa na mlango mmoja. Katika ramani mlango huo ulichorwa ndani ya ua wa Sudi, ukitazama Magengeni.

Lakini karani wa mradi alitoa tahadhari mapema. Alisema kwamba kaburi haliguswi bila vibali, vibali huchukua mwaka, na wachimbaji hawatasubiri mwaka. Pakionekana kaburi, mlango utahamishiwa Bomani, na njia itafungwa kwa uzio. Watu wa Magengeni watazunguka tena kama zamani. Akasema atakuja Jumatatu kuuliza rasmi.

Siku zile Sudi hakuweza kwenda kunyoa bila kusikia habari hiyo. Chande kinyozi alimwambia mbele ya wateja, "Sudi, babu yako alitupa njia akiwa hai. Sasa amekufa, anataka kuturudishia ukuta?" Wateja wakacheka. Sudi naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichotangulia kukubali.

Jumatatu alfajiri aliyang'oa mashahidi. Aliyabeba mawe moja moja, akayalaza nyuma ya pipa la maji, kisha akachukua jembe na ufagio akasawazisha udongo mpaka ua ukawa ua tu. Karani alipofika alikuta watu kama ishirini wamesimama, wake kwa waume, na hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwahi kumsalimia Mzee Kheri mahali pale. Karani akafungua faili lake. Akauliza, "Hapa pana mtu?"

Sudi akajibu, "Hapana mtu."

Wale ishirini wakatazama chini. Karani akaandika neno moja, akaomba sahihi, akaenda zake.

Mzee Kheri mwenyewe asingekataa kuhama. Aliyevunja ukuta wake kwa ajili ya majirani hawezi kuwanyima mlango. Labda Sudi angesema kweli na mlango ungepotea. Labda watu ishirini wangesimama pamoja, wangesubiriwa mwaka mmoja. Hatujui, kwa sababu hakuna aliyejaribu. Tunachojua ni kwamba mashine zilikuja, zikachimba, na udongo ukabebwa kwa malori hadi kwenye machimbo ya zamani nje ya mji, ukamwagwa pamoja na udongo mwingine.

Kituo kilijengwa kikakamilika, tena kizuri. Magengeni ilipata taa, ikapata maduka. Mtu alishuka ngazi akiwa na kapu lake la mboga na baada ya dakika kumi alikuwa upande wa pili wa mji. Ndani ya kituo sauti ya kike ilitangaza mchana kutwa kwamba abiria wanaobadilisha treni wafuate mishale ya kijani. Watu walipita kwa maelfu mahali pale pale walipokuwa wakipita, wakitazama mishale. Wazee walipofika kwenye ngazi walipunguza mwendo, kisha wakaharakisha. Chande alihamishia kibanda chake cha kunyolea karibu na mlango, lakini kiti alikigeuza kikatazama upande mwingine.

Mwaka wa pili akaja Bi Tatu, binti wa mwisho wa Mzee Kheri, shangazi yake Sudi. Alikuwa akiishi mbali kwa bintiye, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuja kwa treni hiyo hiyo. Sudi alimpandisha ngazi akimshika mkono, na walipotokea juu penye hewa bibi akasimama.

"Tuko uani?"

"Tuko uani, Shangazi."

"Basi nimsalimie Baba kwanza, ndipo ninywe maji."

Sudi akamwambia kwamba walimhamisha. Akasema yuko makaburi ya mjini, mahali pazuri, penye kivuli. Alidhani uongo huo utatosha. Bi Tatu akasema, "Nipeleke."

Akampeleka kesho yake. Alitafuta kaburi lisilo na jina, lililoota majani, akasema, "Ndipo hapa." Bi Tatu akavua viatu, akapiga magoti. Akaanza kulipapasa kaburi kwa viganja vyake, kutoka kichwani kwenda miguuni, taratibu, kama mtu anayepima nguo mwilini mwa mwenziwe. Alipofika mwisho alirudi, akalipapasa tena. Sudi alisimama nyuma yake, ameshika viatu vya shangazi yake.

Bi Tatu akasema, "Baba alikuwa mrefu."

Akarudisha kiganja upande wa kichwani.

"Huyu ni mfupi, mwanangu. Labda mwanamke. Labda kijana." Mikono yake ilikuwa ingali juu ya udongo. "Lakini hapa pana mtu. Naye sidhani kama kuna anayekuja kumsalimia." Akamsalimia yule asiyemjua, akamtakia rehema, akang'oa majani machache yaliyokuwa karibu na magoti yake. Kisha akanyoosha mkono ili ainuliwe.

Njia nzima hakuuliza neno. Hakuuliza siku ile wala siku zilizofuata, na ukimya wake ulimwelemea Sudi kuliko maswali. Alikula chakula cha Sudi, akawaombea watoto wa Sudi, akarudi kwa bintiye, na huko akafa kabla ya mwaka kwisha. Sudi alipokwenda mazishini alisimama safu ya mwisho.

Aliporudi aliyatoa mashahidi nyuma ya pipa, akayaosha. Lakini hakuwa na mahali pa kuyasimamisha, akayarudisha. Tangu hapo akaanza kwenda kituoni kila siku asubuhi, bila safari. Alishuka hadi ngazi ya chini kabisa, akasimama ubavuni, watu wakimpita, akasema polepole, "Mzee Kheri, tunapita." Kisha akapanda tena akaenda zake.

Mlinzi wa kituo, mtu mcheshi aliyetoka mji mwingine, alimwona mara nyingi. Siku moja akamsogelea akitabasamu. "Shikamoo, mzee. Nakuona kila siku unazungumza na ukuta. Hapo hapana mtu."

Hakukuwa na faili mkononi mwa mlinzi, wala vibali, wala mlango wa kupoteza. Mlango ulikwisha kujengwa. Pembeni alisimama Chande, akisubiri treni, naye alisikia. Sudi alimtazama Chande, na Chande akatazama saa ya ukutani. Kilichohitajika kilikuwa silabi moja tu, ile aliyoimeza mbele ya karani.

"Marahaba," Sudi akasema. "Ni kweli, hapana mtu." Akapanda ngazi, na hakurudi tena kusalimia.

Ndugu zangu, kati ya "hapa pana" na "hapana" kuna silabi moja, tena ndogo. Sudi aliimeza mara ya kwanza kwa ajili ya mlango. Mara ya pili aliimeza kwa ajili ya nini? Na sisi ambao tunapita juu ya watu kila siku kwenda tunakokwenda, tukiulizwa leo, tutaitamka?