Kinyama cha Shingoni mwa Saumu

Hapo zamani, wembe ulikuwepo, hospitali ilikuwepo, ila aibu ilikuwepo zaidi. Basi alikuwepo bibi harusi, Saumu, mwenye kinyama kinachoning'inia shingoni, kidogo kama punje ya mtama. Kila akijaribu mkufu wa harusi, unanasa hapo.

"Wifi," akasema Hidaya, dada wa bwana harusi, "kaka yangu kaposa mke, hakuposa msumari wa kutundikia mkufu."

"Kiache hicho," akasema Mwanamvua, shangazi yake Saumu. "Kwapani mwangu vimejaa na wala sijafa."

"Lakini shangazi, hiki kimegeuka cheusi," akasema Saumu.

"Joto hilo, mwanangu."

Siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa manukato ang'ae, Saumu kafumba macho, kapakwa liwa mpaka kidevuni. Hidaya akachukua wembe aliotoka kunyolea kwapa lake. Akakata.

Yallah! Damu kwenye liwa, damu kwenye mkeka, damu kwenye kanga ya kila aliyesogea! Vigelegele vikageuka mayowe. Kinyama kikaangukia kwenye majivu ya chetezo cha udi. Bibi Mize, nyanya yake Saumu, asiyemwamini jirani hata mmoja, akakiokota na kukifunga kwenye pindo la kanga. "Wachawi wasikipate!"

Hospitalini, daktari alipomaliza kushona, akauliza, "Nani kakata?"

Hidaya akajificha nyuma ya bibi.

"Vinyama hivi huondolewa hapa, kwa ganzi na kisu safi. Na kikigeuka rangi, lazima kipimwe. Kiko wapi?"

Bibi akafungua pindo.

Majibu yakaja. Hakikuwa kinyama. Ilikuwa saratani ya ngozi, bado changa, haijatambaa. Saumu akakatwa tena, safari hii kwa adabu, akapona.

Akautoa mkufu. "Ni wa aliyeniokoa."

Hapo Hidaya akadakia. "Nilikata mimi! Bila wembe wangu, ungeolewa nayo, ukazikwa nayo."

"Wembe wa kwapa!" shangazi akafoka. "Nani pekee aliyesema kisiguswe? Mimi!"

"Ungesikilizwa wewe, leo tungekuwa tunasoma hitima," akasema bibi. "Kilichopimwa nilikiokota mimi."

"Kwa kuogopa wachawi!" akapaza sauti Hidaya.

"Kwani daktari aliniuliza sababu?"

Mkufu bado unaning'inia mkononi mwa Saumu, na shingo tatu zimeshanyooshwa. Haya, nyinyi mnaocheka: avishwe nani? Aliyekata, aliyekataza, au aliyeokota? Au abaki nao Saumu mwenyewe, aliyeuona weusi kabla ya wote, akaambiwa ni joto, akanyamaza?