Kigae cha Fisi

Nina kisa mdomoni!
— Kiteme tukidake!
Kina meno!
— Kiteme hivyo hivyo!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna polepole. Kisa hiki kina walaji wa kutosha.

Hapo kale msafiri mmoja alidondosha kitabu njiani. Puu! Jalada lilikuwa limeng'oka, lakini kurasa zote zilikuwemo. Kindi akakiokota. Kindi huyu, kadogo vile, mkia mkubwa kuliko mwili, ndiye aliyejua kusoma sawasawa. Akawaita rafiki zake watatu pale kwenye kichuguu: Mzee Kobe, Bi Kanga na Bwana Fisi.

Kumbe kilikuwa kitabu cha hadithi ya Wagiriki wa kale! Kilimhusu Nikandro, mfinyanzi wa mji wa Athene, na binti yake Melita. Kikawanogea, jamani. Kila alasiri Kindi alisoma, Kobe alifumba macho, Kanga alisema "Kekeke, maskini!" na Fisi alikula. Kindi akinyamaza kidogo tu kugeuza ukurasa, Fisi humwuliza, "Halafu?"

Hata salamu zikabadilika. "Hujambo, mtu wa Athene?" "Sijambo, mtu wa Athene!" Kobe akajitupia jani la mgomba begani, ndiyo shuka ya Kigiriki hiyo. Fisi akajitupia mawili.

Lakini Fisi, lo! Alikikalia kitabu. Nasema alikikalia, makalio yote juu ya kitabu.

"Hakisomwi mpaka nishibe."

Kindi akaleta karanga. Gwap! "Bado." Kanga akaleta mtama. Gwap! "Bado." Kobe akaleta uyoga, naye anavyotembea mnamjua. Gwap! "Haya, someni. Lakini anzeni pale Melita anapomuaga baba yake."

"Bwana Fisi, pale tumeshasoma mara tisa!"

"Basi ya kumi."

Pakasomwa. Fisi akalia uuwi, uuwi, jua likazama, kila mtu akaenda kwake. Kesho yake ni hivyo hivyo. Keshokutwa ni hivyo hivyo.

"Hatutamaliza kitabu hiki mpaka tufe," Kindi akalalamika.

"Tukimaliza, tutakutana kwa lipi?" Fisi akajibu, mdomo umejaa.

Kindi hakulitia maanani neno lile. Alikuwa anaziangalia karanga zake. Zilikuwa akiba ya wanawe ya kiangazi, na ghalani kumebaki maganda.

Sasa, huyo Melita alikuwa anamuaga baba yake kwa nini? Kwa sababu Athene walikuwa na desturi yao. Kila mtu aliandika kwenye kigae jina la yule anayetaka aondoke mjini. Mwenye vigae vingi aliondoka, miaka kumi. Hapigwi, hanyang'anywi nyumba. Anaondoka tu, kama Nikandro.

Kindi akapanda juu ya kichuguu. "Watu wa Athene! Na sisi tupige kura ya vigae! Atakayepata vitatu avuke mto, miaka kumi!"

"Tupige! Tupige!" Aliyeshangilia kuliko wote ni nani? Fisi.

Wakaokota chungu kilichovunjika mtoni, wakagawana vigae, wakatafuta mkaa. Kanga akaandika FISI. Kindi akaandika FISI. Kobe alikigeuzageuza chake, akashindwa kumwandika mwenzake, akakirudisha kitupu.

Kindi akahesabu. Viwili. Havitoshi.

Hapo Fisi akaja, akainama sikioni mwa Kindi. Si mnajua, Fisi hakujua kusoma wala kuandika. "Ndugu yangu, niandikie. Weka Kobe. Melita analia, yeye anasinzia! Hana moyo."

"Lete," akasema Kindi. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaandika FISI.

"Ahsante, ndugu yangu." Akakibeba kwa ncha ya meno, mkaa usifutike.

Kindi akatangaza, "Vigae vitatu: Fisi!"

Kindi alikuwa ameshaweka mguu mmoja mtini, maana Fisi angeweza kuwameza wote watatu na asicheue. Lakini Fisi aliwatazama mmoja mmoja. Akaweka sawa majani yake mawili begani.

"Sheria ni sheria," akasema. "Mimi mtu wa Athene."

Akaomba apewe kigae chake kiwe ukumbusho. Akavuka mto, chubwi, chubwi, chubwi.

Raha iliyoje! Karanga zikabaki. Kindi akasoma mbio, akageuza ukurasa, akanyamaza kusubiri. Hakuna aliyeuliza. Siku ya pili Kobe akasinzia kwelikweli. Siku ya tatu Kanga akasema ana mayai. Siku ya nne Kindi akasoma sura ya mwisho peke yake, na ndani yake mji wa Athene umepatwa na shida, watu wamejuta, wamemwita Nikandro arudi kabla ya miaka kumi. Melita anampokea bandarini.

Kindi akalia. Akakibeba kitabu mbio mpaka mtoni.

"Bwana Fisi! Rudi! Nikandro aliitwa! Imo humu!"

Fisi akatokea ng'ambo, amekonda, jani moja limebaki begani. "Soma."

Kindi akasoma sura nzima, mpaka koo likakauka. Fisi alisikiliza kichwa upande. Hakusema halafu hata mara moja.

"Nzuri," akasema mwishoni. "Umeitunga mwenyewe?"

"Sikutunga! Imeandikwa! Tazama!"

"Na hiki pia kimeandikwa." Fisi akainua kigae chake. "Alipita huku Nungunungu, anajua kusoma. Nikamwomba anisomee jina la Kobe."

Kindi akakosa pa kutazama. "Nisamehe, ndugu yangu. Chukua kitabu, kiwe chako."

"Nikifanyie nini? Nitakikalia tu." Fisi akavuta pumzi. "Nimekusamehe, Kindi. Ila sasa sitajua lini unasoma na lini unatunga."

Akageuka, akaingia vichakani. Kindi alibaki pale na kitabu chake mpaka akachoka kusimama.

Fundisho? Nilijua tu mtalidai. Haya, fundisho ni hili: rafiki mlafi mfukuze mapema, ubaki na karanga zako. Mtazameni Kindi. Ghala lake limejaa mpaka leo, karanga zinaota ukungu, na hakuna wa kumsumbua.

Kisa nimekitema!
— Tumekidaka!
Msikikalie!
— Hatukikalii!

Nani huyo amesema "halafu"? Hakuna halafu. Nendeni kwenu.