Sanduku la Mpagazi

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina ubishi ndani yake, na mwisho wake nitauacha mikononi mwenu, kwa hiyo mwenye usingizi na akalale sasa hivi.

Kule milimani Upareni aliishi Mzee Senkondo na watoto wake watatu, watu wazima wote, na watatu hao hawakupendana. Togolani, mzaliwa wa kwanza, alijaliwa kumbukumbu: neno likishaingia sikioni mwake halikutoka tena. Nakunda, binti wa pekee, alijaliwa macho: alitazama udongo akakwambia kama umewahi kuguswa na jembe au la. Kajiru, kitindamimba, alijaliwa mikono. Jembe lilichoka kabla yake.

Babu yao alikuwa mpagazi wa Wajerumani wakati wa vita. Aliporudi alisimulia kwamba askari waliokuwa wakikimbizwa na Waingereza walizika sanduku la chuma kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba yake, na yeye mwenyewe alishika kamba walipolishusha. Tangu hapo familia ile ikaitwa watu wa sanduku, na hawakuitwa hivyo kwa heshima. Mtu akijisifia mali asiyokuwa nayo, kijijini aliambiwa, "Basi nenda kwa Senkondo mkachote dhahabu pamoja."

Togolani aliamini. Nakunda hakuamini, wala hakunyamaza.

"Mjerumani anayekimbia risasi anapata wapi nafasi ya kuzika hazina?" alimwuliza kaka yake. "Babu alirudi mikono mitupu, akaona haya, akatunga."

"Unamwita babu mwongo?"

"Yeye namwita mwongo. Wewe nakuita mjinga."

Mama yao alipofariki wakaacha hata kula pamoja. Kajiru hakuwa upande wowote. Aliwadharau wote wawili.

Ukaja ukame. Mashamba yote ya familia yakakauka isipokuwa moja, la migomba, lililokuwa chini ya ndiva, lile bwawa la mawe ambalo wazee wa zamani walijenga kukusanyia maji ya mlimani. Shamba lenyewe lilikuwa dogo, na desturi ya ukoo ilikataza lisikatwe vipande. Mzee Senkondo, aliyekuwa mgonjwa na amechoshwa na kelele, akawaita watoto wake mbele ya ndugu zake.

"Ugomvi wa sanduku nimeusikia tangu utoto wangu," alisema. "Sitaki kufa nao masikioni. Atakayeumaliza, kwamba lipo au halipo, shamba la migomba ni lake. Wengine wawili watafute pa kwenda."

Togolani akapanda kilimani akiwa na maneno ya babu. Alijua sanduku lilishushwa kina cha mtu aliyesimama na kunyoosha mikono juu, likafunikwa kwa bamba la jiwe. Mahali penyewe hakupajua. Babu alisema kilimani tu, na kilima kilikuwa kikubwa.

Nakunda akamfuata ili amcheke. Alikuwa amelima kilima kile tangu msichana. "Hapo uliposimama ni mwamba," alimwambia. "Kule chini udongo haujawahi kuguswa. Kilima kizima kina sehemu moja tu ambapo udongo mwekundu wa chini umekaa juu ya mweusi, na si mimi niliyeugeuza. Chimbeni hapo. Mkikosa, shamba ni langu, nanyi mfunge midomo."

Kajiru, aliyewafuata na jembe lake kwa sababu naye alilitaka shamba, akachimba. Alichimba peke yake, maana kifua cha Togolani kilikuwa kibovu, na Nakunda alisema yeye hachimbi uongo. Kichwa chake kilipozama ardhini na hajaona kitu, akarusha jembe juu, akaanza kupanda.

"Bado," Togolani alimzuia. "Simama unyooshe mikono."

Kajiru akanyoosha. Vidole vyake vikapita ukingo wa shimo.

"Umeona? Hujafika."

Akamtukana kaka yake tusi ambalo sitalirudia hapa, lakini akashuka tena. Baadaye jembe likagonga jiwe. Alipolinyanyua lile bamba, ukuta wa shimo ukaporomoka na jiwe likamwangukia mkono wa kushoto. Togolani na Nakunda wakamvuta juu kwa kamba bila kusemeshana. Mkono ule haukushika jembe tena.

Sanduku lilikuwapo. Wanaukoo wakalitoa, wakalivunjia uani mbele ya watu wote. Ndani mlikuwa na chupa za dawa zilizopasuka, misumeno midogo ya daktari, na bendeji zilizooza. Dhahabu haikuwamo.

Nakunda akacheka. "Haya, hazina iko wapi?"

"Sanduku hilo hapo," alisema Togolani. "Babu hakutaja dhahabu hata siku moja. Ni nyinyi mliotaja."

"Na wewe miaka yote hiyo ulikuwa unaota bendeji?"

Kajiru akasogea mbele, mkono umefungwa kitambaa chenye damu. "Mngebishana mpaka wajukuu zenu," alisema. "Mmoja alikalia maneno, mwingine alikalia dharau. Aliyeumaliza ugomvi ni mimi, na bei yake mnaiona."

Mzee Senkondo akaomba ashikwe asogee. Akatia mkono ndani ya sanduku, akatoa msumeno mmoja, akautazama kwa muda mrefu. "Baba yangu hakuwa mwongo," alisema, akalia. Watu wakangoja ataje jina. Hakulitaja. Alifariki kabla mvua hazijarudi.

Sasa ukoo umegawanyika. Wapo wanaosema bila Togolani shimo lingeachwa kabla ya kufika. Wapo wanaosema bila Nakunda wangekuwa bado wanagonga mwamba, tena hazina hakuna, kama alivyosema siku zote. Na wengine wanasema maneno na macho havijawahi kutoa kitu ardhini. Wale watatu wenyewe wanalala kwenye migomba, kila mmoja upande wake, kila mmoja na panga lake.

Basi nyinyi mlionisikiliza, ketini kikao. Shamba ni moja, na wawili lazima wafunge mizigo. Mtamwambia nani abaki? Na hao wawili wakiwauliza kwa nini, mtawajibu nini?