Kwa Nini Manabii Hukaa Mlangoni

Sogeeni, wajukuu zangu, nyote mnaopenda kuuliza. Mnataka kujua mbona katika Biblia zetu manabii wamewekwa mwisho wa Agano la Kale, ilhali Wayahudi, wenye vitabu hivyo tangu asili, huwaweka katikati. Mwaka msiniulize. Hata mimi nilisimuliwa.

Zamani hizo Maandiko yalikuwa kwa Kiebrania tu, yameandikwa katika magombo, vitabu vya kukunja, Torati mbele, manabii katikati, na nyimbo na mengineyo nyuma. Kisha Wayahudi wa Iskanderia, mji wa Misri, wakaona watoto wao wanacheza, wanagombana na hata kuota ndoto kwa Kiyunani. Wakayafasiri Maandiko kwa Kiyunani, wala hawakuona haya. Miaka mingi ikapita.

Ndipo akazaliwa Termuti, mtumwa katika nyumba ya Kiyahudi mjini humo. Kiyunani ndicho alichoimbia akikanda unga, na bibi mwenye nyumba alimfundisha kukisoma. Siku moja, akimsindikiza bibi huyo kwenye sala, alisikia ikisomwa habari ya Mungu aliyewatoa watumwa Misri. Watumwa! Misri! Termuti alilia mbele za watu na hakujifuta. Ingalisomwa kwa Kiebrania, ingalimpita tu. Uzeeni aliachwa huru, akamwamini Yesu, na waumini waliokusanyika nyumbani kwa Zoilo wakamkabidhi kasha la magombo alitunze.

Zoilo huyo alikuwa mkarimu, lakini alipenda vitu vipya kama mtoto apendavyo kiatu cha sikukuu.

"Mama Termuti," alisema mara kwa mara, "haya ni mambo ya babu za watu wengine. Sisi tuna Habari Njema. Inatosha."

Mwaka mmoja mto ulifurika, maji yakapenya hadi ndani ya kasha. Zoilo akaona amepata hoja.

"Umeona? Mungu mwenyewe ameamua. Jumapili yatakwenda kuchomwa, yapashe maji ya kuogea hamamuni."

"Na yakithibitika kuwa ni ndugu wa Habari Njema?" Termuti aliuliza.

"Yakithibitika mbele ya watu wote, yatakaa. Lakini udugu hauthibitishwi kwa machozi, mama."

Termuti akabaki na kasha lake. Maneno yaliyomfanya ajione mtu sasa yalikuwa yanangoja moto. Kwa siku tatu aliyaanika magombo juu ya mabenchi, kutoka ukuta wa ndani hadi mlangoni. Ya Torati, ya wafalme na ya nyimbo hayakuwa yameloa sana, akayaweka ndani. Manabii walikuwa chini kabisa ya kasha, wameloa chapachapa, akawalaza karibu na mlango wapate jua na upepo. Msidhani alikuwa na hekima fulani. Alitaka yakauke tu.

Jumapili watu walifika wakakosa pa kukaa, na wakaanza kunung'unika. Zoilo alisimama kizingitini, gombo jipya la Habari Njema kwapani, uso umekunjamana. Termuti akaanzia ukutani. Alisoma kidogo kutoka gombo hili na kidogo kutoka lile, huku akitembea. Alisoma ahadi aliyopewa mzee mmoja kwamba mataifa yote yatabarikiwa, akasoma habari za wafalme walioisahau na waimbaji walioililia. Sauti ilikwisha kumkauka alipofika kwa nabii wa mwisho, ambaye kwa kinywa chake Mungu anaahidi kumtuma mjumbe kuitengeneza njia.

Hapo gombo likaisha, na benchi nalo likaisha. Termuti akajua ameshindwa, maana ahadi ilikuwa imetolewa na aliyeahidiwa hajaja.

Zoilo, ili ayamalize mambo, alifungua gombo lake pale pale kizingitini akasoma kwa sauti kuu. Maneno ya mwanzoni yalimtaja nabii, yakamtaja mjumbe, yakaitaja njia inayotengenezwa. Yalikuwa Kiyunani kile kile kilichotoka kusomwa benchini. Zoilo akakwama.

"Endelea, mwanangu," Termuti alisema. "Huyu wa mlangoni alikuwa anakungoja."

Vigelegele vilipasuka, wajukuu zangu, hata majirani wakadhani kuna arusi! Watu walipigana mabega wakicheka na kulia. Zoilo alimshika yule mtumwa wa zamani mikono yote miwili.

"Nimeaibika, mama. Na sijawahi kufurahi hivi."

Akaagiza magombo yarudishwe kashani kwa mpango ule ule wa benchini. Termuti aliyarudisha mwenyewe, polepole, na hakumruhusu mtu amsaidie.

Na tangu siku hiyo Wakristo huyasoma ya kale wakitazama mlangoni, nani anaingia. Wayahudi wamebaki na mpango wao, nao wana sababu zao, msiwabishie. Ila wewe, ukiisoma Biblia yako ya Kiswahili ukafika mwisho wa Agano la Kale, utamkuta nabii amesimama na ahadi mdomoni. Geuza ukurasa, mjukuu wangu. Usimwache akingoja.