Kijiji Kilichoshika Mwamba

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba, au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Kalikuwapo kalima, kakazaa kajiwe, kajiwe kakazaa maneno.

Na maneno?

Maneno ndiyo haya, kaeni vizuri.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji kikiitwa Kikinga. Kijiji kilikuwa chini, na mwamba ulikuwa kilimani, juu yake. Mwamba mkubwa! Mkubwa kuliko nyumba, mkubwa kuliko nyumba kumi, mkubwa kuliko ahadi za mchumba. Tena ulikuwa umeinama, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

Wazee wa Kikinga walisema, "Mwamba huu tunaushika sisi. Siku tukiuachia, utatuangukia."

Basi wakaushika. Jua likiwaka wakaushika, mvua ikinyesha wakaushika, baridi ikiuma wakaushika. Walikwenda kwa zamu, mtu mmoja mmoja. Unaegemeza bega, unabandika shavu kwenye jiwe, unasukuma mpaka mwenzako aje. Akichelewa, unasukuma. Nzi akikutua puani, unasukuma.

Mtu mmoja, mwamba ule wote! Msicheke. Nyie pia mna yenu, nami sijayataja.

Kwa kusukuma huko, kila bega lilikuwa na sugu, na sugu ndiyo ilikuwa heshima. Kijana akienda kuposa haulizwi kama ana shamba. Anaambiwa, "Vua shati tuone bega." Wenye sugu nene walikaa mbele, wenye sugu nyembamba wakakaa nyuma, na mwenye bega laini aliambiwa aombewe.

Sugu mbili zilishinda zote. Ya kwanza ilikuwa ya Bibi Makunde, ajuza aliyesukuma tangu usichana wake bila kukosa zamu hata moja, mpaka bega likapinda. Ya pili ilikuwa ya Mzee Senkondo, Mkuu wa Zamu. Huyu hakuna aliyewahi kumwona akisukuma. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nyumbani kwake jiwe la kusugulia miguu lilikuwa linaisha haraka, na miguu yake ilikuwa imepasuka vilevile.

Sasa sikilizeni. Bibi Makunde alikuwa na binti, Nakundwa, na Nakundwa ndiye mkunga pekee wa Kikinga. Naye Nakundwa alikuwa na binti, Namsifu, mwenye mimba ya kwanza. Asubuhi moja Nakundwa yuko zamu, bega kwenye mwamba, shavu kwenye mwamba. Mzee Senkondo kakaa kando kwenye kigoda, ananusa ugoro. Mara migomba ikatikisika.

"Hodi, mama!"

Alikuwa Kajiru, mumewe Namsifu. Kwa desturi yao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, kwa hiyo alijificha nyuma ya mgomba, ikawa sauti tu inatoka kwenye majani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Namsifu ameshikwa na uchungu."

Nakundwa akageuza jicho, maana shingo haikuweza. "Baba Senkondo, nipatie mtu anipokee zamu."

"Zamu haikatwi, mwanangu. Mzazi ni mmoja, kijiji ni kizima. Pima mwenyewe."

Nakundwa akapima. Akasukuma.

Kitambo kidogo, migomba ikatikisika tena.

"Hodi, mama! Shikamoo."

"Umeshanipa hiyo! Sema!"

"Chupa imepasuka."

"Baba Senkondo, basi shika wewe kidogo tu."

"Mimi?" Mzee akapiga chafya. "Mimi naushika kwa dua. Nyie mnaushika kwa bega, na bega bila dua ni nyama tu."

"Nitaushika mimi!" ikasema migomba.

"Mwanamume ambaye mkewe yuko kwenye uchungu haugusi mwamba," Senkondo akasema. "Ni mwiko."

"Mwiko wa nani, baba?" Nakundwa akauliza.

"Mwiko hauna mwenyewe. Sukuma."

Nakundwa akasukuma, lakini safari hii meno ameyauma.

Mara ya tatu migomba haikutikisika, ilivunjika. Kajiru alitoka mzimamzima, hana hodi, hana shikamoo, akasimama uso kwa uso na mama mkwe wake, jasho linamtiririka. "Mama, umetangulia mguu."

Enyi mliozaa, mnajua maana yake. Mtoto anakuja kinyume, na Kikinga nzima mikono ya kumgeuza ilikuwa miwili tu, nayo ilikuwa imebandikwa kwenye jiwe.

Watu wakaanza kukusanyika. Bibi Makunde naye akafika na mkongojo wake, akaishia kule chini migomba inapoanzia, akapaza sauti: "Nakundwa mwanangu, usiuachie! Utatuua!"

Nakundwa akasema, "Baba Senkondo, dua yako na bega langu, kipi kina nguvu?"

"Dua yangu, bila shaka."

"Kuliko mabega yote?"

"Kuliko mabega yote ya Kikinga."

"Na hawa watu wamesikia?"

"Wasikie! Nasema mbele yao."

"Haya. Shika."

Akatoa bega, akaondoka.

Lo! Salaala! Palitoka mbio pale! Waliobeba watoto wakakimbia, waliobeba kuku wakakimbia, na mbele yao wote, kanzu kaibana mdomoni, alikuwa ni yule anayeushika kwa dua. Mbuzi walimpisha njia. Mto aliuvuka kwa kuruka, na mto ule hauruki hata swala.

Debe tupu haliachi kuvuma. Hata likikimbia.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Bibi Makunde alipanda kilima pole pole, mkongojo mbele, mguu nyuma, akapumzika, akapanda, akafika. Akaegemeza bega lake lililopinda. Akasukuma huku analia.

Nyumbani, Nakundwa alinawa mikono, akaingia. Huko ndani mimi sikuwapo, na hata ningekuwapo nisingewasimulia. Kajiru alikaa kizingitini akihesabu vidole vyake, asijue ni vingapi. Hatimaye kikasikika kilio chembamba, chenye hasira, cha mtu aliyeingia duniani kwa mguu na hataki maoni ya mtu. Ni msichana! Mama mzima, mtoto mzima.

Nakundwa akamfunga mjukuu wake kwenye khanga, akapanda kilimani, Kajiru nyuma yake. Akamkuta mama yake.

"Mama, achia."

"Nikiachia mtakufa."

"Mama, hata karanga tunakumenyea sisi, mwamba utauweza?"

"Usinifanyie mzaha! Nisingekuja kuushika, mngekuwa unga."

Nakundwa akakaa chini. "Sawa. Nikuulize, mama. Mimi nilipotoa bega, wewe ulikuwa wapi?"

"Kule chini, kwenye migomba."

"Ukapanda kwa kukimbia?"

"Nikimbie na magoti haya? Nilipumzika njiani mara mbili. Mara tatu."

"Basi tangu mimi nilipoondoka mpaka wewe ulipofika, hapo katikati, nani aliushika?"

Bibi Makunde akageuza jicho kwenye njia aliyopandia. Akafikiri.

"Senkondo?" akasema, lakini hata mwenyewe hakuamini, na kicheko kikamtoka puani.

Kisha kicheko kikaisha, na machozi yakarudi. "Mwanangu, basi bega langu? Maisha yangu yote?"

Nakundwa alimshika mkono, akamwondoa kwenye jiwe, hatua moja, hatua mbili, hatua tatu. Akamgeuza atazame.

Jamani! Tangu usichana wake yule bibi alikuwa amebandika shavu kwenye mwamba ule, na hakuwahi kuuona. Sasa akauona. Ulikuwa na michirizi ya rangi ya kutu na ya majivu. Maji yalichuruzika kwenye ufa, maua meupe yameota pembeni, na mbayuwayu walikuwa wakitoka na kuingia, viota na viota. Na chini, mzizi wa mwamba uliingia mlimani kama jino kwenye taya.

"Kumbe ni mzuri hivi," Bibi Makunde akanong'ona. "Nami nilidhani Mungu kauweka ovyo, anangoja nimsaidie."

Watu walikuwa wameanza kurudi, miguu imelowa. Senkondo akasukuma sukuma mpaka mbele, akapaza sauti: "Mmeona? Dua yangu imeushika!"

"Baba," akauliza Kajiru, "ulipokuwa hewani juu ya mto, dua ilikuwa imefika wapi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Bibi Makunde hakucheka nao. Aliurudia mwamba, akaupa mgongo, akakaa chini na kuegemea, miguu kainyoosha kama mtu aliyefika nyumbani. Akanyoosha mikono apewe kitukuu chake. Alipompakata vizuri akaliambia lile jiwe, taratibu:

"Haya. Leo utushike wewe."

Ngano yangu naitua hapo. Aliyeipenda aende nayo, aliyeichukia anirudishie kesho asubuhi, lakini aje amekwisha kunywa chai kwao.