Boliti Iliyopakwa Rangi ya Sikukuu

"Kabla hujamwaga, fungua pa kutilia." Mmeisikia kwangu leo kwa mara ya kwanza, mkatazamana kama kwamba nimetoa maneno ya kiganga. Haya, vuteni hivyo vigoda mkae. Nitakupeni chanzo chake, na si cha kusikia kwa watu. Nilikuwepo, na aibu yake ni yangu mimi Mbarouk.

Asili yake ni hii.

Zama hizo kwetu Makangale, kaskazini ya Pemba, kijiji kizima kilikuwa na gari moja ya abiria na skuta moja. Gari ilikuwa ya mtu asiyejua saa. Iliondoka ikijaa, na ilijaa alipopenda Mungu. Skuta ilikuwa ya dada yangu Raya, mwalimu wa skuli. Aliinunua kuukuu, akaitunza kuliko mimi nilivyotunza viatu vyangu.

Mama yetu, Bi Mize, alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili, pole pole, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anajua usiku na mchana kwa adhana tu. Madaktari wa macho walikuwa wakija Wete mara moja kwa mwaka, siku chache wakaondoka. Mwaka wa nyuma tuliingoja ile gari. Ikajaa saa nne, tukafika watu wa kutibiwa wameshaandikwa, daftari limefungwa. Raya akaapa siku ile ile: "Mwakani nampeleka mwenyewe, hata kwa kumbeba mgongoni."

Mwaka ukafika. Jina lilitakiwa liandikwe Jumamosi kabla ya saa moja asubuhi, siku ya mwisho ya madaktari. Na wiki hiyo hiyo skuta nayo ikaanza kulia. Ukiingiza gia unasikia inakwaruza kama mtu anayekuna nazi. Fundi wa mjini akamwambia Raya kuwa mafuta ya gia yamechoka. Akamuuzia chupa ya mafuta mapya, akamwelekeza kwa mdomo, naye akaja kunieleza: boliti ya chini ni ya kumwagia, boliti ya ubavuni ni ya kutilia.

"Hii kazi ya nyumbani, mwalimu," alimwambia. "Lakini usipakie mtu masafa marefu kabla hujayabadilisha. Gia zitakufia njiani."

Ijumaa baada ya sala, Raya akaizungusha skuta uwanjani mara mbili tatu ili mafuta yapate moto, yawe mepesi kutoka. Akaiegesha, akaniambia, "Mbarouk, usiiguse. Nakwenda kumkosha mama kichwa, nikirudi tutafanya pamoja."

Haya, mwambie kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyekwisha kufungua baiskeli mbili na kuzifunga, asiguse kitu! Nilikuwa mjuaji, wanangu. Mjuaji wa kuchosha watu. Hata hajamaliza kuingia ndani, mimi niko chini nimelala chali na spana mkononi. Nikaweka sufuria mbovu, nikafungua boliti ya kumwagia. Mafuta yakashuka meusi, mazito, yanametameta kwa unga wa chuma. Nikayatazama kwa raha mpaka tone la mwisho. Nikaifuta boliti, nikairudisha, nikaikaza.

"Dada!" nikaita. "Nusu ya kazi tayari!"

Kisha nikageukia ubavuni kuitafuta boliti ya kutilia. Siioni. Napapasa, siioni.

Sasa mnajua mila yetu Sikukuu ikikaribia. Kila kitu hupakwa rangi: milango, madirisha, viti, hata banda la kuku lisisimangwe. Idi iliyopita mimi ndiye niliyeipaka ile skuta, kwa rangi ya kijani iliyobakia ya mlango. Rangi nzito ya mbao hiyo. Na mtu anayepaka rangi kwa haraka ya Sikukuu hakwepi kitu, anapita na brashi tu. Boliti nilikuwa nimeizika mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikakwangua kwa kisu mpaka kichwa chake kikatokeza. Chini ya rangi, kutu. Nikatia spana, nikasukuma, ikateleza. Nikasukuma tena kwa hasira, ikateleza tena, na pembe za boliti zikaliwa zote. Kichwa kikabaki mviringo, hakuna pa kukamatia.

Raya akatoka na povu la sabuni mikononi. Akatazama sufuria, akatazama boliti, akanitazama mimi.

"Umemwaga?"

"Nimemwaga."

"Na hii?"

"Haitoki."

Alivuta pumzi. "Basi rudisha yale yale ya zamani, twende hivyo hivyo."

"Nitayapitisha wapi, dada? Njia yake ndiyo hiyo hiyo."

Lahaula! Alinitolea maneno dada yangu, ambayo mwalimu haruhusiwi kuyasema mbele ya watoto. Nami kwa ujinga wangu nikazidisha. Nikamwambia, "Mbona unakuza mambo? Twende bila mafuta. Ni kufika Wete tu."

"Bila mafuta? Gia kavu zisagane, tukwame na mama katikati ya msitu wa Ngezi alfajiri? Nimwambie nini, ashuke atembee?"

Mama alikuwa ameshatoka, amekaa barazani, kichwa chake bado kinachuruzika maji. "Mnagombania nini?" akauliza.

Hatukuwa na pa kujificha. Raya akamweleza yote, boliti ya chini na boliti ya ubavuni. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sioni," akasema. "Lakini nikitaka kumwaga maji ya mtungi, huuliza kwanza kama kisima kina maji. Nyinyi mna macho manne. Kabla hamjamwaga, mlifungua pa kutilia?"

Raya akanigeukia mimi, mimi nikaiinamia sufuria.

"Basi kama safari haipo, niambieni," akaongeza. "Nimeshazoea."

Hilo neno "nimeshazoea" lilinichoma kuliko matusi yote ya Raya. Natamani hata leo asingelisema.

Raya aliukunja mtandio wake, akaufunga kiunoni. "Hujazoea, mama, na hutazoea," akasema. "Mbarouk, nenda kwa seremala ukaniazimie tupa. Na ukirudi usiguse kitu mpaka nikwambie. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akaimiminia boliti mafuta ya taa, akaiacha inywe. Akaigonga kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, kutu ipate kuachia. Kisha akakamata tupa na kuanza kukisugua kile kichwa cha mviringo, upande huu na upande ule, apate mbavu mbili bapa za kukamatia. Chuma hakina haraka. Adhana ya alasiri ikatukuta pale pale. Tukasali, tukarudi.

Mara ya kwanza aliyotia spana, iliteleza, na ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye chuma. Akajifunga kitambaa. Mara ya pili ikateleza tena.

"Dada, tuache," nikamwambia. "Tutawaomba wenye gari."

"Wenye gari gani? Wale wa saa nne?" Akachukua tupa tena. "Shika skuta vizuri. Isitikisike."

Mara ya tatu alichomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili urefuke. Akaegemea kwa uzito wote wa mwili wake, midomo inamcheza kwa dua. Mimi nimeikumbatia skuta kama mtu anayemzuia ng'ombe. Jua lilikuwa limeshapungua nguvu.

Kwii!

Ilizunguka kiasi cha upana wa ukucha. "Usiseme kitu," Raya aliniambia, kama kwamba sauti yangu ingeirudisha. Akaipeleka pole pole, akaimalizia kwa vidole vyake vya damu, na boliti ikatoka. Tukaisimamisha skuta wima, tukatia mafuta mapya mpaka yakafika kwenye mdomo wa tundu, tukafunga. Ndipo Raya akakaa chini mavumbini akalia, na mimi nikalia naye. Mama akauliza, "Sasa hicho kilio ni cha heri au cha shari?"

"Cha heri, mama," akajibu Raya. "Kesho tunakwenda."

Waliondoka mara baada ya sala ya alfajiri, mama amemkamata Raya kiunoni, gia zinaingia bila kelele. Mimi nilifuata kwa gari ya abiria na nikafika karibu na adhuhuri, kama kawaida yake. Jina la mama lilikuwa limeandikwa zamani, na yeye yuko ndani anatibiwa.

Siku ya pili, madaktari wameshaondoka, wauguzi wakamfungua bandeji. Alipepesa macho muda mrefu, machozi yanamtoka. Akamwona Raya kwanza. Akaishika mikono yake, akavitazama vidole kimoja kimoja, vile vilivyochunika, akavibusu. Kisha akanigeukia mimi. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa sina hata unywele mmoja kidevuni.

"Mbarouk," akasema, akinishika shavu. "Kumbe ndevu umeshaota. Akili tu ndiyo bado iko njiani."

Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka mpaka nikalazimika kutoka nje, maana kicheko kiligeuka kilio, na kijana mwenye ndevu hapendi kuonekana analia.

Raya hakunihifadhia siri. Alikwenda kuisimulia skuli, watoto wakaipeleka majumbani, na kabla mwezi haujaisha maneno ya mama yalikuwa kila mahali. Mtu akitaka kuvunja nyumba ya udongo hali hana jiwe hata moja la nyumba mpya, au kumkataa mchumba kwa kuwa amesikia yuko mwingine, anaambiwa hayo. Na akiambiwa mbele yangu, watu wote hunigeukia mimi.

Kwa hiyo itumieni, lakini msiseme ni ya wahenga. Wahenga hawakuwa na skuta. Ni ya Bi Mize, aliyoisema akiwa haoni, kumwambia mwanawe mwenye macho mawili mazima: kabla hujamwaga, fungua pa kutilia.