Mpiga Debe na Dramu Iliyovikwa Nailoni

Mfano huu wa kwanza kunisimulia alikuwa Mama Nakiete, jirani yetu, siku tuliyokaa barazani kwake tukichambua mchele. Mambo yenyewe aliyaona kwa macho yake. Nami nawaletea kama nilivyoupokea, ndugu zangu, na mkiona pa kucheka, chekeni, kwa maana yeye mwenyewe alishindwa kuumaliza bila kujifuta machozi kwa pindo la kanga.

Paliondokea wazee wawili, wapiga ngoma wa kanisa moja la milimani kwenye tangawizi nyingi. Mmoja alikuwa wa kupiga, mwenzake wa kutikisa kayamba. Jumapili moja, ibada imekwisha, walikaa kwenye benchi la nje wakinywa chai, wakaanza kuikumbuka dramu yao ya kwanza, ile ya kweli, yenye ngoma tano na matoazi mawili.

"Unaikumbuka rangi yake?" akauliza yule wa kayamba.

"Niisahau vipi? Nyekundu, kama pilipili iliyoiva."

"Na yale matoazi!"

"Ee bwana wee! Yanang'aa mpaka mtu unanyolea ndevu. Ulijiona uso, ukajiona na nia."

"Na kile kiti chake cha kuzunguka."

"Usinikumbushe kiti, ndugu yangu. Chai itanipalia."

Mwalimu mpya wa kwaya, mwanamke mgeni pale, alikuwa amesimama karibu akisikiliza. Akapendezwa. Akauliza kwa adabu, "Wazee wangu, na sauti yake je? Ililiaje?"

Wazee wakatazamana. Yule wa kayamba akainama, akaanza kukagua kamba za viatu vyake. Yule mpigaji akanywa chai kwenye kikombe kilichokwisha chai.

Sasa niwaulize. Mtu akikumbuka ngoma, akakumbuka rangi yake na kiti chake, lakini sauti yake akasita kuitaja, hamwoni kwamba hapo pana jambo? Turudi nyuma.

Alipokuwa kijana, mpigaji yule hakuwa na dramu. Alikuwa na debe, debe la mafuta ya kula, na vijiti viwili vya mpera. Alilipiga vizuri, hilo hakuna aliyebisha. Lakini mnajua wenyewe jina analoitwa mtu wa namna hiyo. Akipita sokoni watu wanamwita, "Mpiga debe! Gari linakwenda wapi leo?" Hata siku alipokwenda kuposa, baba wa binti alimuuliza, "Kijana, kanisani unafanya nini?"

"Mimi ndiye mpiga debe, baba."

"Stendi gani?"

Ikabidi mshenga aeleze mpaka jasho likamtoka.

Basi kijana akawa na shauku moja duniani: apige dramu ya kweli, watu waache kumwita mpiga debe. Na shauku hiyo alikuwa nayo mtu mwingine kuliko hata yeye, naye ni mama yake. Mama huyu alikuwa mjane, mtu wa maneno ya kuchekesha, na kila Jumapili alicheza mbele ya debe la mwanawe kama msichana. Lakini masikio yalikuwa yameanza kumsumbua.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "masikio yangu yanafunga duka. Hili la kushoto limeshaingiza bidhaa ndani. La kulia bado linauza uza kidogo. Kabla halijafunga, nikusikie ukipiga dramu ya watu, siyo hilo kopo. Mara moja tu. Nitalala na sauti hiyo."

"Utanisikia, mama."

Akina mama wa kanisa walilima shamba la tangawizi kwa ajili hiyo, misimu mitatu, na mwisho dramu ikapanda mlimani nyuma ya pikapu, imefungwa nailoni kila kipande. Watu waliiimbia tangu njia panda.

Jumapili ikafika. Mama akakaa benchi la mbele kabisa, sikio la kulia ameligeuzia kwenye dramu kama mtu anayengojea kunong'onezwa siri. Kijana akashika nailoni ili aichane. Akaona ule mng'aro chini yake. Mkono ukasita.

"Vipi?" akanong'ona wa kayamba.

"Naiangalia tu. Jumapili yenyewe ya kawaida. Hata matangazo ni ya mbuzi waliopotea."

"Kweli. Ikichakaa je? Tuingojee Pasaka."

Akachukua debe. Mama akasikiliza, akakunja uso, na ibada ilipokwisha akamshika mkono. "Mbona hailii?"

"Inangoja siku yake, mama."

"Na mimi nangoja nini? Sikio halina nailoni, mwanangu."

Akacheka, kijana naye akacheka, wakaenda nyumbani.

Pasaka ikaja na mvua. Matope yale na dramu mpya wapi na wapi? Krismasi ikaja na vumbi. Kipaimara kikaja na watoto wenye mikono ya soda. Ikaonekana afadhali wamngojee askofu, kwa maana kitu cha heshima hufunguliwa na mtu wa heshima. Askofu akaahidi, akaahirisha. Akaahidi tena, daraja likakatika.

Wakati huo dramu ilikaa sakristia, kile chumba cha nyuma ya madhabahu. Mke wa yule wa kayamba akaifumia vitambaa vyeupe vyenye maua, kila ngoma na chake, na vijiti navyo akavifumia soksi. Kila Jumamosi kijana alikwenda, akafunua vitambaa, akafuta vumbi juu ya nailoni, akaketi kidogo kwenye kiti, akazunguka mara moja kulia na mara moja kushoto, akafunika, akatoka na furaha yake. Kila Jumapili akapiga debe.

Ikapita miaka minne. Nyumbani akiita, "Mama, chai tayari!" mama anaitikia, "Nani kafa?" Watu wakacheka, naye mama akicheka pamoja nao, maana aliona midomo yao. Kijana hakucheka sana. Alijua duka la kulia nalo linateremsha shata. Lakini askofu sasa alikuwa ameandika barua kwa mkono wake, na tarehe imo. Angewezaje kuharibu mambo kwa majuma machache?

Hapo katikati pana jambo la kuku. Kwenye sadaka ya mavuno mtu mmoja alitoa kuku jike, na baada ya ibada kuku akapelekwa mnadani kama ilivyo desturi. Kabla hajapata mnunuzi, akakata kamba. Mtu wa mwisho kuonekana naye alikuwa mwinjilisti. Alitafutwa kuku, hakupatikana, na wiki zilivyopita maneno yakaanza chini kwa chini kwamba mwinjilisti amekula sadaka ya Bwana, tena kwa ugali. Maskini mwinjilisti akakonda, jambo ambalo kwa mtu anayeshukiwa kula kuku lingepaswa kumtetea, lakini nani aliona?

Siku ya askofu ikafika. Alfajiri wapiga ngoma wawili wakaingia sakristia kuitoa dramu na vitambaa vyake vyote. Wakainua ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, yenye tundu mbele.

"Mbona nzito hivi?" akasema wa kayamba.

"Kitu cha thamani huwa kizito."

Wakaibeba polepole mpaka mbele ya kanisa.

Kanisa likajaa hadi madirishani. Askofu akaketi. Mama akawa benchi la mbele, sikio la kulia ameligeuza vilevile, kwa mazoea. Kijana akavua vitambaa kimoja kimoja, kama anayemfunua bibi harusi. Akachana nailoni. Kanisa zima likasema, "Aaaa!" Akaketi kwenye kiti chake. Hakukizungusha. Akamtazama mama yake, akapumua, akakanyaga.

Du!

"Ko-ko-ko-kwekwekwee!"

Kuku akatoka katika lile tundu kama mtu aliyechomewa nyumba, na vifaranga saba nyuma yake. Kumbe wiki zote zile alikuwa akiingia sakristia kwa dirisha lisilo na kioo, akapenya pale panya walipoitoboa nailoni upande wa ukutani, akapata mahali pakavu, pa giza, panapofutwa vumbi kila Jumamosi na pasipopigwa hata siku moja. Wewe ungekuwa kuku, ungekwenda kutagia wapi?

Akaruka juu ya matoazi. Nguzo inayoyashika ikaanguka, toazi moja likabingirika katikati ya kanisa, likapita kizingiti, likashika mteremko. Lilikuja kuonekana wiki ya pili yake, kijiji cha chini, likifunika sufuria ya makande. Mwinjilisti akapanda juu ya benchi mbele ya askofu, mikono juu: "Ndiye! Ndiye huyo! Mliosema nimemla, mwoneni anavyotembea!"

Kijana akajaribu kuokoa siku. Akainua kijiti akapiga ngoma ya pili, nayo ikachanika kama kanga ya zamani, maana panya walikuwa wamekwisha kuila ukingoni. Ya tatu vilevile. Ilisemwa ngozi mpya zitaagizwa mjini, na mpaka leo zinaagizwa.

Katikati ya vicheko vile mama akanyanyuka, akaja akamvuta mwanawe mkono. Alikuwa ameona midomo ya watu ikicheka, akaona kiti, na mwanawe yuko juu yake.

"Imelia?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia.

Kijana akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Imeliaje?"

Akafungua kinywa. Aseme nini? Na amwambie nani? Hata angepiga kelele mpaka mishipa ya shingo isimame, duka lilikuwa limefungwa. Miaka minne alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye sikio lile, vijiti vikiwa ndani ya soksi.

Akainama, akalitoa debe chini ya benchi. Lilikuwa limebonyea kila upande, limepata kutu, na lilikuwa zima. Akalipiga. Mama akaweka kiganja ubavuni mwa debe, likamtetemesha mpaka kwenye kiwiko, akacheka. "Hili nalijua," akasema. Akaanza kucheza, nyuma ya mdundo kidogo, na askofu akashuka akacheza naye, na vifaranga chini ya miguu yao.

Ndiyo sababu, miaka mingi baadaye, mwalimu wa kwaya alipouliza, "Ililiaje?", mzee alikunywa kwanza chai isiyokuwamo kikombeni. Kisha akasema, "Ililia mara moja, mwanangu. Ikasema du. Na ambaye nilikuwa nimemwekea hakuisikia."

Sasa sisi. Tumezoea kumcheka mtu kwa kusema debe tupu haliachi kuvuma. Leo nasema heri debe tupu linalovuma kuliko dramu iliyojaa mayai. Najua baadhi yetu mnawaza makochi yenu yaliyo na nailoni tangu yatoke dukani. Kaeni kwa amani, sizungumzii makochi. Nazungumzia maneno.

Ni nani kati yetu hapa hajawahi kusikia wasifu wa marehemu ukisomwa? "Alikuwa mkarimu, alikuwa nguzo yetu, alitulea kwa jasho lake." Maneno mazuri, yanang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Tunavua vitambaa, tunachana nailoni, tunapiga kwa nguvu zetu zote, mbele ya watu wote na mchungaji yupo. Na aliyewekewa amelala pale ndani ya sanduku. Alikaa miaka yote kwenye benchi la mbele, sikio ameligeuza. Tulimwambia nini? Tulimwambia, "Mama, chumvi imezidi." Tulimwambia, "Baba, redio punguza." Asante tuliiweka sakristia, tukawa tunakwenda kuifuta vumbi wenyewe mioyoni mwetu, na tukatoka na furaha yetu. Je, tunafikiri ikikaa humo inabaki mpya? Ndugu zangu, kitu kisichopigwa kitatagiwa mayai. Mtu wako yu hai leo, anasikia leo, na leo ni Jumapili ya kawaida yenye matangazo ya mbuzi. Basi ipige leo.

Mama Nakiete alipomaliza, na mchele ulikuwa umekwisha. Nilirudi nyumbani. Kesho yake asubuhi nilifungua kabati, nikatoa kikombe kimoja katika vile sita vya harusi yangu, ambavyo vilikuwa bado na karatasi ya duka chini, nikatia chai ya tangawizi nikampelekea mama mkwe wangu jikoni. Nikamwambia, "Mama, asante kwa kunilelea mtoto." Akanitazama, akakitazama kikombe, akaniuliza, "Umevunja nini?"

Nikalirudia neno lile, kwa sauti kubwa zaidi.